Amina Kwanza

Mumbere anauzisha maharagi kwa soko ya Naviundu. Ukitaka kumuona akikasirika, mutajie mega za internet. Mama yake iko Butembo, vita inakaribia kwao, na kila Jumapili wanaongea kwa video. Mama hakati simu bila kuombea mutoto wake. Lakini mega za siku hizi! Zinaisha mbele mama afike kwa "Amina." Mumbere alienda kulalamika kwa kampuni ya simu, wakamutuma kwa serikali. Serikali ikamurudisha kwa kampuni. Wezi batupu!

Basi mama akajitafutia dawa: simu ikifunguka tu, anasema "Amina," kisha ndiyo anaanza kuomba.

Jumapili iliyopita "Amina" ilifika muzuri, simu ikakatika. Mpaka leo Mumbere hajui kama ni mega ao ni vita.