Harufu ya Nta ya Sakafu

Mwalimu wa mazoezi ya kutuliza mwili anatulaza chali, na harufu ya nta ya sakafu inanirudisha nyumbani kwetu Ngagara. Mchana mmoja wa utoto wangu, watu wenye bunduki walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Mama alituficha chini ya kitanda, mimi na mdogo wangu aliyekuwa na kikohozi, akalala nasi sakafuni. Akikohoa tu, wangetusikia.

"Apana kohoa, mama," Mama alimnong'oneza mdogo wangu wa kike, akimbembeleza. "Sikia vidole ya miguu. Iko wapi?"

"Iko mu soksi."

"Ndiyo. Sasa magoti. Sasa tumbo, iache ilale."

Kikohozi kilitulia. Tulipofika kifuani, buti zilisimama mlangoni petu.

Mwalimu naye, anayetutajia viungo kuanzia miguuni, amefika kifuani. Wenzangu wamefumba macho. Mimi nautazama mlango.