Kayaki Nyekundu Mbele ya Kiboko

Kwa muda mrefu niliamini kwa moyo wote kwamba kayaki nyekundu hukimbia kuliko ya rangi nyingine yoyote. Sababu? Kiboko akiiona hudhani ni moto, anazama kwa hofu, na maji anayoyapandisha yanaisukuma mbele. Habari hiyo alinipa mbebaji mwenzangu wa forodhani Mpondwe, mtu wa ng'ambo ya mpaka, Kongo. "Ndugu, ile ya rouge, nyekundu, iko mbio sana," aliapa. "Kiboko iko naogopa." Nami, mhitimu wa shule ya usiku pale Bwera, profesa wa dunia nzima, sikuuliza swali hata moja.

Ndipo kambi moja ya wageni kando ya ziwa, upande wa Kasese, ikatafuta mtu mmoja wa kuwasindikiza wageni kwa kayaki. Niliitaka kazi ile kuliko chakula. Mgongo wangu ulishabeba magunia mazito kuliko Rwenzori na theluji yake, asubuhi ulikataa kunyooka, na mke wangu alikuwa mjamzito.

Tulijitokeza watatu. Msimamizi, afande mstaafu, hakupenda maneno mengi. "Kila mtu achague chombo. Mpaka kwenye boya, mnarudi. Wa kwanza anapata kazi."

Mvuvi mmoja alichukua mtumbwi wa mbao aliouzoea. Mke wa askari, mkazi wa kambi ya jeshi, akaiendea kayaki nyeupe, ndefu, nyembamba kama ganda la maharage. Ikabaki nyekundu, fupi, pana kama beseni.

"Kweli mnaniachia hii?" nikacheka. "Mama, utanikuta nimeshaoga."

"Oga vizuri," akajibu.

Filimbi ikalia. Nyeupe ikachomoka kama panya aliyeona paka. Mimi nikipiga kafi kulia, pua ya kayaki inakwenda kushoto. Nikipiga kushoto, inakwenda kulia. Hata mtumbwi ukanipita. Mama yule alikuwa ameshazunguka boya, anarudi kwa upande wa matete, wakati mvuvi alipoacha kupiga kafi ghafla, akaanza kugonga nalo ubavu wa mtumbwi: ko, ko, ko.

Pale ziwani kila mtu anajua maana yake: kiboko yuko karibu, mpishe. Mimi nikafurahi. Msaada umefika! Nikatulia, nikageuza ubavu mwekundu auone vizuri.

Masikio yakatoka majini, kisha macho. Hakuzama. Akapumua, fyuuu, matone yakanipiga usoni. Nikasubiri aogope. Akafungua mdomo mpana kuliko mlango wa kanisa.

"Wewe wa nyekundu!" afande akanguruma kutoka ufukweni. "Unafanya nini hapo? Geuka! Piga kafi!"

Nikalikamata kafi.

"Ndugu, toka!" mvuvi akaita, akigonga kwa nguvu zaidi.

Nikapiga kafi. Kayaki ikazunguka palepale. Nikapiga tena, maji yakivimba nyuma yangu, na sikuangalia nyuma mpaka pua ilipogusa mchanga.

Mama yule alikuwa tayari amekabidhiwa jaketi la kazi. Afande akaniuliza kwa nini nilisimama mbele ya kiboko. Nikamweleza yote, habari ya moto na ya maji yanayosukuma. Akaigusa kayaki yangu kwa kiatu.

"Kiboko hajali rangi," akasema. "Kayaki ndefu na nyembamba inakata maji. Fupi na pana inayasukuma, ndiyo maana ni nzito kwenda. Hiyo yako ilitengenezwa kwa kuzunguka mawe ya mtoni, si kwa mbio."