Jumapili Papa Alipokataa Wimbo

Mpaka leo, nikisikia mutu anakaza uzi wa gitari, ile sauti inayopanda kidogo kidogo kama mutoto anayetaka kuanza kulia, naacha mwiko ndani ya bukari, ugali wetu, na kusikiliza. Bukari inaungua, mume wangu anacheka. Haya, acha niwaambie sababu.

Kabla ya kuvuka ziwa, Papa alikuwa mupiga gitari wa kanisa letu kule Kongo, na alikuwa mugumu, jamani! Kwaya ikichagua wimbo asioupenda, anaweka gitari chini na kukunja mikono. Huu unasinzia, anasema. Ule ni wa matanga. Karibu kila Jumapili Mama alikuwa akienda kumuombea radhi kwa wazee.

Siku tuliyokimbia, mwenye boti alisema ni watu ao mizigo, na gitari ikabaki kwenye mchanga. Papa hakulia. Kule Kenani, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia, na baadaye tulipopewa kiwanja cha kujenga na kulima, alianza tu kukubali. Tulime huku? "Bon, ni sawa." Tuuze jembe? "Ni sawa." Mama alifikia kutia samaki chumvi mara mbili makusudi, aone kama atakasirika. Papa alikula mpaka mwisho, akanawa mikono.

Mimi, mwenye miaka kumi na moja, nilifurahi kupita kiasi. Niliomba kutembea na marafiki mpaka Kafutuma, mbali na nyumbani: ni sawa. Niliomba kuacha kuchota maji asubuhi: ni sawa. Niliona Zambia imenipa papa mwema, na sikuelewa kwa nini Mama anafunga na kumuombea kila Ijumaa.

Kanisa letu la maturubai lilikuwa linaimba kwa makofi tu. Papa Kalenga, kiongozi wa kwaya, akahangaika mpaka akapata gitari mbili. Moja ilikuwa mupya, ya bluu, inang'aa, iliyoletwa na mufanyabiashara wa samaki kutoka ng'ambo. Nyingine ilikuwa ya Ba Chanda, Mubemba wa kando ya ziwa, aliyeitengeneza mwenyewe kwa mbao na dumu la mafuta, nyuzi zake ni waya wa breki za baiskeli. Shida ni kwamba hiyo ilikuwa imepigwa kwenye mabaa yote mpaka Puta. Wazee wakaamua ifunge kwanza wiki nzima nyumbani kwa pasta, bila kuguswa na mutu, ndipo iingie kanisani.

"Gitari haikunywaka pombe, bazee," Ba Chanda alisema. "Ni mimi njo nilikunywaka."

Walimuomba Papa achague gitari. "Yoyote, ni sawa." Na nyimbo je? "Zote ni sawa." Mama alinivuta pembeni, macho mekundu. "Neema, kama hata gitari imeshindwa, mi sijui tena nifanye nini."

Jumapili wakampa ile ya bluu, kwa kuwa ilikuwa nzuri kuangalia. Papa Kalenga akataja wimbo wa kwanza, ule wa polepole wa kulilia nyumbani, tuliokuwa tukiuimba kila wiki. Papa akapiga mara moja, akasita. Akakaza uzi, ukalegea. Akakaza tena, ukalegea tena. Nikaona mushipa wa shingo yake umesimama.

"Hii ni gitari ya kutundika ukutani! Mutu alete ile ya Ba Chanda."

"Papa Neema, ile iko inafunga," muzee mumoja alisema. "Imebakiza siku mbili."

"Itamalizia kesho! Na huu wimbo mi siupigi. Kila Jumapili tunalia, tunalia, Mungu mwenyewe amechoka. Tuimbe ya shukrani, ya kuchezea, ao mi naenda kulima."

Loo! Nilijificha uso kwa haya. Pasta aliwaangalia wazee, wazee wakaangalia chini, kisha akaenda mwenyewe kuileta, karibu akimbie. Na Mama, pembeni yangu, alikuwa amesimama mikono juu, machozi na kicheko pamoja: "Asante Yesu! Mume wangu amekasirika! Amekasirika, bandugu!"

Gitari ya breki ikalia, na vumbi likapanda mpaka kwenye maturubai. Ba Chanda, aliyekuwa anachungulia tu mulangoni, aliingia akicheza.

Kesho yake Papa alinirudisha kisimani, na Kafutuma ikawa marufuku. Nililia sana. Mama alikuwa anawaambia majirani, "Papa Neema amerudi," nami nikawaza, amerudi kutoka wapi, na kila siku nilimuona amekaa hapa hapa mulangoni?

Sasa mimi ni muke wa mutu, nimeelewa. Walipanda boti moja, Mama na mume wake, lakini Mama alifika peke yake. Ni Jumapili ile, kanisani, ndipo Mama alimpokea mume wake, na hasira zake zote.