Mikoko Niliyoiua kwa Kompyuta

Leo nimeiua mikoko ya hori ya Tudor kwa kompyuta, mbele ya kina mama walioipanda.

Wiki tatu nimelinganisha picha za setilaiti, za mwaka jana na za sasa. Ramani ikaniambia kijani kimetoweka. Nami nikawauliza kwa ukali, "Miche imekwenda wapi?"



Bi Mwanaisha, kiongozi wao, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hii picha ya sasa ilipigwa maji yamejaa au yamekupwa?"

Nikatazama saa ya picha, nikafungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya bandari ya Kilindini. Yalikuwa yamejaa pomoni! Miche yote ilikuwa chini ya maji, hai.

Wiki tatu, jamani!

Kompyuta naisamehe, haijui bahari. Lakini mimi, mzawa wa Kibokoni, niliyekulia kando ya bahari hii hii, nina udhuru gani?

Haya, nichekeni.