Atieno Aliponiuliza Nalipwa Ngapi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka bila kupenda. Inanijia nikinyoa ndevu, inanijia kanisani, inanijia nikiwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Mukendo, mjini Musoma, nikitazama watu wanavyopita kwenda sokoni. Siku hiyo niliulizwa swali dogo nikakaa kimya, na kwa kimya changu mama mmoja akamkosa mtoto wake. Nimezeeka na jambo hili. Nakuandikia kwa sababu sitaki uzeeke na la kwako.

Vijana wengi wanakuja kwangu kwa kuwa wamesikia niliishi Amerika. Juzi amekuja mtoto wa dada yangu kutoka Kabasa, kule Bunda. Ameshinda bahati nasibu ya viza, kama nilivyoshinda mimi nikiwa kijana. Aliniuliza wanavyouliza wote: kule saa moja wanalipa dola ngapi? Nikamjibu. Alipoondoka nikagundua kwamba katika miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kule wanalipwa sawasawa.

Mimi ni mtu wa Butiama. Nilikwenda Amerika na cheti cha kidato cha nne na mikono iliyozoea ng'ombe. Nyumbani kwetu kijana alijua kuchuna na kukata nyama kabla hajaota ndevu. Kwa hiyo nilipofika Nebraska, nikasikia kuna kiwanda cha nyama kinachotafuta watu, niliona Mungu amenifungulia mlango. Ni jimbo la nchi tambarare, lenye upepo usiochoka. Ndani ya kiwanda kulikuwa na baridi kama ya friji, na nyama zilikuja mbele yetu juu ya mkanda unaotembea, pande baada ya pande, bila kukusubiri upige chafya.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwanamke. Jina lake Atieno, mtu wa Migori, upande wa pili wa mpaka wetu wa Sirari. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kadhaa kabla yangu. Nilidhani najua kisu, lakini kumbe najua kisu cha kumchuna ng'ombe mmoja wa sherehe, siyo cha kukata siku nzima bila kupumzika. Alinionyesha jinsi ya kunoa, jinsi ya kuliacha bega lifanye kazi ili kiganja kisife, na jinsi ya kuloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu ukifika nyumbani. Tulisimama meza moja, tukakata mapande yaleyale kwa visu vilevile.

Alikuwa mtu wa utani. Kipande kikiniponyoka nikasema samahani, alicheka mpaka msimamizi akageuka.

"Nyinyi Watanzania! Mnaomba radhi hata kwa ng'ombe aliyekufa!"

"Nyinyi Wakenya hamuombi radhi hata kwa aliye hai, dada."

"Kata nyama, Wambura. Kiswahili chako ni kirefu kuliko mkanda huu."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulitania. Alikuwa na binti, Achieng, aliyemwacha kwa bibi yake akiwa hata shule hajaanza. Mambo yote ya kumleta yalikuwa yamekwenda vizuri, likabaki moja. Serikali ya kule inataka mzazi anayemleta mtoto aonyeshe kipato kinachofika kiwango fulani. Kipato cha Atieno kilikuwa hakijafika, ila kilikuwa kimekaribia sana. Alikuwa ameomba ovataimu mpaka msimamizi akamwambia hakuna zaidi.

Basi siku hiyo ninayoisema, tukiwa chumba cha kulia chakula, alivua glavu yake ya chuma ya kujikinga na kisu, akakaa mbele yangu, akanitajia mshahara wake wa saa moja. Alinitajia hivihivi, kama mtu anavyotaja jina la kijiji chake. Kisha akauliza, "Na wewe Wambura, wanakulipa ngapi?"

Mimi niliyefundishwa naye, niliyekuja juzi, nilikuwa nalipwa karibu dola mbili zaidi yake kwa kila saa.

Nikafanya kama nacheka. Nikamwambia, "Dada, kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi."

"Kwani hapa pana ng'ombe wako?" akasema. "Hawa wote wameshakufa, tena si wako."

Tulicheka wote. Lakini macho yake hayakucheka, kwa sababu mtu mwenye mshahara mdogo hana haja ya kuuficha, na yeye alilijua hilo kabla sijamaliza sentensi.

Nisikudanganye, mwanangu. Mila hiyo ipo kweli. Nilikua nikisikia kwamba kumuuliza mtu idadi ya mifugo yake ni kumtakia mabaya, na kujitajia mwenyewe ni kualika msiba. Siku niliyoajiriwa, msimamizi alinivuta pembeni akaniambia kwamba mshahara wangu ni jambo kati yangu na kiwanda, nisimtajie mtu. Nikaona hawa wazungu wana busara kama ya babu zetu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ila chini ya maelezo hayo kulikuwa na kitu kingine nisichokuwa na ujasiri wa kukitazama: nilifurahia kulipwa zaidi. Nilifurahia kwamba wameona mimi ni mwanaume wa kazi. Niliogopa pia kwamba nikisema, watashusha wa kwangu badala ya kupandisha wa kwake.

Haikupita wiki akaja tena. Safari hii hakutania.

"Nakwenda ofisini. Nataka twende wote. Sitaki unipiganie, Wambura, wala usiwe na hasira. Wakikuuliza unalipwa ngapi, taja tu. Basi."

"Dada, watatufukuza."

"Watanifukuza mimi. Wewe wanakupenda."

Nilikwenda. Mpaka leo sijui kwa nini nilikwenda, kama nilikuwa najua sitasema. Ofisini alikaa mama mmoja wa utawala, mpole, mwenye bakuli la peremende mezani. Atieno alieleza kwa Kiingereza kilichonyooka: wanaume niliowafundisha mimi wanalipwa kunizidi, kwa kazi ileile, na hapa nimekuja na mmoja wao, muulizeni. Yule mama akanigeukia, akatabasamu.

"Bwana Wambura, wewe una malalamiko yoyote kuhusu mshahara wako?"

Nikajibu, "Hapana, sina malalamiko."

Ilikuwa kweli. Sikuwa na malalamiko. Wala hakuniuliza nalipwa ngapi; aliuliza swali lililonipa njia ya kutokea, nami nikaipita mbio. Sikusema uongo hata mmoja mle ndani, na ndilo linaloniuma zaidi. Mwongo angalau anajua kwamba amedanganya. Mimi nilitoka pale nikijiona mtu mwaminifu.

Kwenye korido Atieno alirudisha glavu mkononi, kidole baada ya kidole. Kisha akasema taratibu, "Haya, Mtanzania. Ng'ombe zako zimelala salama." Hakunitania tena baada ya siku hiyo. Hakunitukana wala kuninunia. Aliniita "Bwana Wambura" kama yule mama wa ofisini.

Baadaye walimhamishia upande wa kuosha mitambo, saa zikawa chache. Kipato ambacho kilikuwa kimebakiza kidogo kufika kikaanza kurudi nyuma. Akatafuta kazi ya pili ya usafi kwenye nyumba ya wazee. Mikono yake ikaanza kufa ganzi. Siku moja alishindwa kushika mpira wa maji, akakosa kwenda kazini siku kadhaa kwa maumivu, akaachishwa. Alihamia jimbo lingine, na mambo ya binti yake yakafia hapo. Mimi nilibaki kwenye meza yetu, nikamfundisha kijana mpya yale niliyofundishwa na yeye.

Sasa sikiliza lililofuata. Siku moja watu wa chama cha wafanyakazi walituita kwenye ukumbi wa kanisa moja pale mjini. Dada mmoja alisimama akauliza nani hapa anajua mwenzake analipwa ngapi. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema, basi ndiyo maana mnalipwa mnavyolipwa. Akatueleza kwamba sheria ya nchi ile inawaruhusu wafanyakazi kama sisi kuambiana mishahara, na kwamba mwajiri kama wetu haruhusiwi kuwakataza. Ipo pia sheria, akasema, kwamba mwanamke na mwanaume wakifanya kazi ileile mahali pamoja, wasitofautishwe malipo kwa sababu mmoja ni mwanamke. Lakini sheria haina macho, ndivyo alivyosema. Lazima mtu aseme ndipo ione. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikasikia baridi kali kuliko ile ya kiwandani. Neno ambalo Atieno aliniomba lilikuwa halali tangu siku ya kwanza.

Niliporudi nyumbani kabisa, nilikwenda Butiama kumsalimu baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote. Nilimsimulia yote. Nadhani nilitaka anitetee. Nilitaka aseme, mwanangu, ulishika mila. Alinisikiliza huku akisafisha kiko chake, kisha akauliza, "Huyo mama mlikuwa mnafanya naye kazi pamoja?"

"Ndiyo, baba mdogo. Meza moja."

"Basi ulimdhulumu, na mila usiisingizie." Akaweka kiko chini. "Sisi tulikuwaga tunaficha hesabu kwa mwizi. Tulificha kwa mtoza kodi. Sasa mtu unayechunga naye utamficha nini? Anakunywa maji pale unapokunywa. Anajuaga ng'ombe zako kwa rangi, anajua ipi ina mimba, ipi inachechemea. Ikipotea anatafuta na wewe. Ulimficha mchungaji mwenzio, ukamwonyesha mwizi. Mzungu alikuwa anajua hesabu yako, ama hakujua?"

"Alijua."

"Ehe. Ulimficha nani, sasa?"

Aliniacha pale nimekaa, akaenda kufunga ndama.

Ilinichukua miaka mingine kupata moyo wa kwenda Migori. Si mbali. Unapanda gari Musoma asubuhi, unavuka Sirari, mchana umefika. Nilimuulizia Achieng mpaka nikaonyeshwa kibanda cha ushonaji, na ndani yake mwanamke mtu mzima, mwenye uso uleule wa Atieno, anakanyaga cherehani. Bibi yake alikuwa ameshafariki. Nilijitambulisha kwamba nilifanya kazi na mama yake. Akafurahi, akanivutia stuli, akaagiza chai.

"Mama hajambo," akaniambia. "Tunaongea kwa simu. Mikono ndiyo inamsumbua, hata simu anaiweka mezani."

"Alikueleza kwa nini hukwenda?"

"Alisema alishindwa yeye. Kwamba angefanya kazi kwa bidii zaidi ningekwenda." Akakata uzi kwa meno. "Nilimkasirikia sana zamani, mzee. Nilikuwa nasema, wenzake wote wanaleta watoto wao, huyu wangu ni mvivu tu. Nimeshamwambia maneno hayo, tena si mara moja."

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Atieno hakuwahi kunitaja. Alikuwa amebeba kosa langu kama lake, na mtoto wake mwenyewe alikuwa amemhukumu kwa hilo.

Nilimweleza yote. Sikupunguza. Nilimtajia mshahara wangu na mshahara wa mama yake, nikamweleza jinsi mama yake alivyonifundisha, alivyoniomba, na nilivyojibu mbele ya yule mama wa ofisini. Cherehani ilisimama. Chai ikaja, hakuna aliyeigusa.

"Kwa hiyo mama hakuwa mvivu," akasema mwishowe.

"Mama yako alikuwa hodari kuliko sisi wote mle ndani."

Alilia, lakini hakutaka nimwone. Akafungua mlango wa nyuma akatoka na simu yake. Nilisikia akiita, "Mama? Mama, ni mimi," kisha akaendelea kwa Kijaluo, nisichokijua. Nikasubiri. Aliporudi alikuwa ametulia, akaniambia mama anasema asante kwa kuja, nisafiri salama. Nilimnyooshea mkono wa kuaga. Aliutazama, akainama akaendelea na nguo aliyokuwa anashona. Sikumlaumu.

Mwanangu, ushauri wangu ni huu, nami siutoi kama mtu mwema bali kama mtu aliyekosea. Ukienda Amerika, ukienda Dar, au ukibaki hapahapa Musoma ukapata kazi kwenye samaki, muulize unayefanya naye kazi analipwa ngapi. Usimuulize kwa wivu. Kwanza mtajie wa kwako, kama Atieno alivyofanya, maana huo ndio ujasiri wenyewe. Ukikuta wako ni mdogo, umeijua hali yako. Ukikuta wako ni mkubwa, hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu utatamani kunyamaza na utapata sababu nzuri sana ya kunyamaza. Utasema ni adabu, ni mila, ni utaratibu wa kazi. Usijiamini saa hiyo. Jiulize ni nani anafaidika na kimya chako. Na mwenzako akikuomba uende naye ofisini, usiende kama nilivyokwenda mimi. Nenda ukaseme, au mwambie ukweli kwamba unaogopa, ili atafute mwingine kabla hajaingia mlangoni akikutegemea.

Jifunze sheria za kazi za mahali utakapokuwa, mapema, siku ya kwanza, kabla ya kununua hata koti. Mimi niliijua haki wakati hakukuwa tena na mtu wa kusaidiwa nayo.

Nakuombea kwa Mungu, mwanangu. Mikono yako ibaki na nguvu mpaka uzeeni. Watoto wako wakue wakikuona kwa macho yao, si kwa kusikia sauti kwenye simu. Na siku utakapoulizwa, Mungu akufungue kinywa.