Jiwe la Kupondea Karanga

Kengele ililia nilipokuwa naingia, si nilipokuwa natoka.

Kwa mtu wa kazi yetu hilo halina maana. Katika kituo cha umeme wa nyuklia anayetiliwa shaka ni yule anayetoka ndani, maana vumbi lenye mionzi liko huko. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtambo ukizimwa kwa matengenezo nasafiri kutoka Durban hadi upande wa Cape, nasimama mlangoni na kipima mionzi, nakipitisha polepole kwenye viganja, magoti na soli za mafundi. Kikitulia, unaenda zako. Kikilia, unavua, unaoga, unapimwa tena. Anayeingia naye hupimwa langoni, lakini sikuwahi kuona lango limemkamata mtu.

Lilinikamata mimi.

Mkuu wa zamu, mama wa Kizulu tuliyefanya naye kazi misimu minne, alicheka kwanza. "Eish, bhuti, sisi tunahangaika mionzi isitoke, wewe unatuletea?"

Akapitisha kipima kichwani, kifuani, mikononi. Kimya. Alipofika kwenye mfuko wangu wa chakula kikalia mfululizo, kama chumvi iliyotupwa kwenye mafuta ya moto. Hakucheka tena. Mfukoni mlikuwa na karanga alizonipondea mama yangu. Mkuu wa zamu alizimwaga juu ya karatasi, akazitenga kwa kibanio, hadi akapata chembe nyeusi ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.

"Hii ni nini?"

Niliitambua, ilikuwa ya jiwe la mama la kupondea karanga. Na nusu ya karanga zile nilikuwa nimeshazila kwenye basi.

Jiwe lenyewe liko kwetu tangu sijazaliwa. Baba alilitoa kwenye mgodi wa zamani kule Katanga, alikokuwa akichimba kwa mikono. Alilipendea uzito. Linaenea kiganjani, lakini linalemea kama nyundo. Baba alipokufa, nasi tukatoka Kongo, mama aliacha sufuria, akaacha picha, akabeba jiwe. Katika flati yetu ya Greyville, hapo Durban, linakaa dirishani jikoni, na ndilo linaloponda karanga za nyumba nzima. Mimi, mtu wa kupima soli za watu, nimeosha vyombo kando yake miaka yote hiyo.

Nilimpigia mama simu pale pale.

"Mama, mtoto iko wapi?"

"Iko hapa, anakula karanga."

"Mnyang'anye."

"Papa," ndivyo mama anavyoniita, "umeshakunywa? Asubuhi yote hii?"

"Mnyang'anye, mama. Na ile jiwe usiiguse tena."

"Jiwe ya baba yako? Miaka thelathini na zaidi nakula nayo. Mimi niko maiti?"

Aliyekuwa akila karanga ni binti yangu, ana miaka minne.

Nilirudi Durban siku iliyofuata, pamoja na watu wawili wa serikali na vipima vyao. Walilitia jiwe lile la urani kwenye kisanduku cha madini ya risasi yanayozuia mionzi, wakachukua ubao wa kupondea, wakapangusa dirisha, wakakata pazia. Mama alisimama mlangoni amembeba mjukuu wake, akiwaambia kwa Kiswahili wasichokijua kwamba jiwe lile lina mwenyewe. Mmoja alinieleza nilichokuwa nikiwaeleza mafundi kila msimu. Likiwa mbali jiwe halina neno kubwa, hatari ni kumeza. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Kisha akaligeuza. Pembe moja ilikuwa imemeguka, na mmeguko ulikuwa mpya, unang'aa. Kilichokosekana kilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Chembe yangu ilikuwa vumbi tu la kipande hicho.

"Mama, jiwe ilivunjika lini?"

"Wiki ile ulisafiri. Mtoto aliangusha." Sauti ilimshuka. "Nilifagia, papa. Kipande sikuona."

Walipima chini ya friji, chini ya vitanda, ndani ya viatu, kwenye bomba la sinki. Hakuna kilicholia. Takataka za wiki ile zilikuwa zimeshachukuliwa.

Nilipiga magoti mbele ya binti yangu. "Kile kipande cheusi kiko wapi?"

Aliwatazama wageni, akasema amempa njiwa. Kesho yake akasema amekipanda kwenye kopo ili kiote. Tulipima kopo, tukapima udongo. Siku ya tatu nilipomuuliza alifungua mdomo, akatoa ulimi, anionyeshe kwamba hamna.

Hospitalini, picha ya tumbo lake haikuonyesha kitu. Daktari alisema kama alikimeza, huenda kilishatoka. Kama kilisagwa pamoja na karanga, picha haiwezi kujua. Chupa ya mkojo wa mtoto iko maabara, ya mama iko kando yake, na yangu. Majibu hayajaja. Kipande hakijaonekana.