Gramafoni ya Dada Bisibisi

Siku tulipomzika dada yangu, msomaji wa wasifu alisimama, akakohoa, akasoma mistari mitano. Kwamba marehemu alikuwa mshonaji. Kwamba hakuolewa. Kwamba hakuacha mtoto. Kisha akakunja karatasi yake, tukaambiwa tusimame kwa sala.

Mshonaji! Dada yangu hakujua kushona hata kifungo. Vifungo vya magauni yake yote nilivishona mimi, naye akinisimamia kama mkaguzi. Mshonaji ni mimi. Yeye alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani vyenyewe. Kwa miaka thelathini na moja tulifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama, mimi upande wa dirishani na mashine yangu, yeye upande wa mlangoni na meza yake yenye jiriwa ya kubania vyuma, makopo ya skrubu na harufu ya mafuta ya taa. Watu walimwita Dada Bisibisi kwa sababu bisibisi yake ndogo haikutoka kwenye nywele zake. Hata kanisani. Mara mbili nilimchomolea katikati ya mahubiri, akanikata jicho.

Sina ugomvi na msomaji. Alisoma alichoandikiwa, na sisi wafiwa ndio tuliokuwa hatuna akili ya kuandika vizuri siku ile. Lakini siwezi kuacha habari zake ziishie pale. Nitaeleza habari ya gramafoni tu, maana anayeijua hiyo anamjua dada yangu.

Baba yetu aliimba sauti ya besi katika kwaya ya kanisa. Kabla hatujazaliwa, kwaya ile ilirekodi santuri moja, zile nyeusi nzito za zamani zinazovunjika kama sahani ya udongo. Mama alipenda kutuhadithia jinsi mwalimu wa kwaya alivyomfokea baba kila mazoezi kwa sababu alikuwa anawahi kuingia. Wenzake bado wanavuta pumzi, yeye ameshaanza. Baba alifariki nikiwa na miaka minne, dada akiwa na tisa. Gramafoni ya kanisa ilikuwa imeshaharibika siku nyingi, na santuri ikabaki kabatini kwa mama ndani ya foronya. Mara moja moja aliitoa, akaifuta vumbi, akairudisha. Ukingoni ilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Nyingine kama hiyo hatukuwahi kuiona popote.

Miaka sita iliyopita daktari wa masikio alituambia kwamba sikio la kushoto la mama limekwisha na la kulia linafuata. Tulipofika nyumbani mama alivua viatu, akakaa kitandani, akagusa sikio lake zima.

"Kabla halijafunga mlango," akasema, "ningependa baba yenu apite humu mara moja."

Dada aliichomoa bisibisi kichwani, akaitazama, akairudisha.

Alitafuta gramafoni miezi miwili. Kisha siku moja muuza vyuma chakavu alikuja kuchukua cherehani cha mkewe kilichotengenezwa, mkononi ana sanduku jeusi la mraba lenye mpini.

"Dada Bisibisi, chukua hili sanduku la daktari, tuhesabu tumemalizana."

Dada akabonyeza kitasa, akafunua kidogo. Mimi nilikuwa karibu, nikaona sahani ya chuma yenye kitambaa cha kijani kilicholiwa na nondo, na mkono uliopinda kama shingo ya bata. Akafunga upesi kama mtu aliyefumania jambo.

"Sanduku la daktari," akakubali. "Asante, shemeji."

Siku hiyo hakula vizuri. Asubuhi akamfuata yule bwana kwenye lundo lake la mabati na kumweleza kwamba kile kilikuwa gramafoni, na kwamba yeye alijua. Bwana akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi ningeitia kwenye mizani pamoja na misumari! Kaa nayo, na Mungu akuzidishie huo ushamba." Dada akarudi anatabasamu. Ndipo akakubali kuigusa.

Mkabala na mlango wetu kulikuwa na fundi wa redio, mtu mzima kuliko sisi, tukimwita Mzee wa Redio. Alivuka barabara na kikombe chake cha chai, akaizunguka meza mara moja tu.

"Bandia hiyo, mama wa vyerehani. Siku hizi wanaunganisha tu, sanduku la huku, mashine ya kule, wanawauzia watu wa kupamba sebule. Nembo iko wapi? Imekimbia aibu."

"Kunywa chai yako, mzee," dada akamjibu.

Kweli, nembo haikuwepo. Dada aliosha kifuniko kwa sabuni na kitambaa, taratibu, na chini ya uchafu pakatokea umbo la ngao dogo, jeusi kuliko sehemu nyingine, lenye matundu mawili ya misumari midogo. Kwa hiyo nembo ilikuwepo zamani na jua halikupita chini yake. Kisha akafungua skrubu nne za bamba la juu na kuinyanyua mashine yote kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kwenye beseni. Chini ya mashine palikuwa pamegongwa namba ya tarakimu tano. Akachukua tochi, akaingiza kichwa ndani ya sanduku tupu, akakaa humo muda mrefu hata nikamuuliza kama amelala.

"Njoo uone," akasema. "Na mwite yule mzee."

Kwenye mbao ya ndani, pembeni, kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia. Namba ileile, tarakimu tano zilezile. Fundi wa kiwandani, ambaye bila shaka amekwisha kulala mauti siku nyingi, aliiandika ili sanduku na mashine yake visipotezane.

Mzee wa Redio alisoma namba ya kwenye chuma, akasoma ya kwenye mbao, akarudia tena ya kwenye chuma.

"Haya," akasema. "Ni ndugu wa damu. Lakini haitaimba."

Kuanzia hapo, kila jioni baada ya kazi za wateja, dada alikuwa na gramafoni. Alitengeneza kila sehemu kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa binadamu. Kiwambo, lile duara jembamba linalotetemeka na kutoa sauti, kilikuwa kizima, ila mpira uliokizunguka ulikuwa umekauka kama mfupa. Akauondoa na kuweka ule mpira mwembamba wa vali za baiskeli, umekatwa kwa wembe. Kopo la springi lilikuwa na grisi iliyoganda mithili ya sabuni ya kufulia. Alipokuwa anaitoa springi, ikamfyatukia, ikajikunjua chumba kizima kama nyoka wa bati na kumchana kiganja kutoka kidole gumba hadi kifundo. Nilimfunga kwa kitambaa cha bitana. Yeye alikuwa anaangalia springi aone kama imevunjika.

"Nzima," akasema. "Asifiwe Bwana."

Nilimwambia amsifu Bwana baada ya kuacha kumwaga damu kwenye kitambaa cha mteja wangu.

Kwenye kona ya sanduku kulikuwa na kijibati chenye sindano za chuma, nyingi zimeota kutu. Kumi na moja zilikuwa safi. Nikamwambia tuna sindano za cherehani boksi zima, za nini kuhangaika na hizo. Akanitazama kama nimetukana.

"Sindano ya cherehani kazi yake kutoboa, mdogo wangu. Hii inatakiwa ipapase."

Jumamosi aliyosema gramafoni itakuwa tayari, mama alivaa gauni lake la bluu la kanisani tangu asubuhi. Alikaa karibu na meza, foronya mapajani, sikio la kulia limeelekea sandukuni. Mzee wa Redio alisimama mlangoni, kikombe mkononi.

Dada hakuigusa foronya. Mfukoni mwa kifuniko tulikuwa tumekuta santuri ya matarumbeta, imekwaruzika vibaya, na aliiweka hiyo kwanza. Akazungusha mkono wa pembeni, akahesabu, akaachia breki, akashusha sindano. Matarumbeta yakalia! Nilipiga vigelegele peke yangu. Mama akaanza kutikisa kichwa.

Kisha ndani ya sanduku kukasikika *du!* Sanduku zima likaruka, sindano ikateleza toka katikati ya wimbo hadi mwisho, na kuacha mstari mweupe juu ya santuri. Dada aliunyanyua mkono wa sindano haraka.

"Ni ngoma hiyo?" mama akauliza.

"Si ngoma, mama. Ni mimi."

"Nilisema bandia!" Mzee wa Redio akasema mlangoni. "Nilisema au sikusema?"

Namfahamu dada yangu. Alikuwa na majibu ya kumrudisha mtu huyo kwake bila viatu. Lakini alikuwa anaitazama foronya mapajani kwa mama. Sote tulikuwa tunaitazama. Kama angeanza na ile, tungekuwa tumempoteza baba mara ya pili.

Alifungua kopo la springi palepale, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba.

"Si bandia, mzee. Nimekosea," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Nimeipa mafuta ya cherehani. Miaka yote hii mkono wangu unajua kopo moja tu, basi nikaitia hayohayo kila mahali. Kwenye gia ni sawa. Springi hii ni nzito, mafuta mepesi yanaikimbia, inanatana halafu inajiachia kwa kishindo. Inataka grisi nzito nyeusi." Akafuta kidole. "Na wewe unayo."

"Ninayo ya gari langu."

"Gari lako lina kuku ndani, mzee. Grisi ya nini?"

Mama alicheka, na Mzee wa Redio naye akashindwa kujizuia. Alivuka barabara, akarudi na kopo. Hakusema tena bandia.

Dada alituomba wiki moja. Mama akairudisha santuri kabatini bila kunung'unika, ingawa wiki hiyo ilinibidi kumrudia kila neno mara mbili, na usiku niliomba Mungu azuie kidogo mlango ule usifungwe. Dada aliosha springi tena kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi inchi kwa inchi, akaikunja na glavu mkononi. Kisha akapiga matarumbeta yale mabovu mara nane mfululizo, amelaza kiganja juu ya sanduku kusikiliza kishindo. Alibandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, mimi nikashika saa, tukahesabu mizunguko kwa sauti kama watoto wa chekechea hadi ikawa sabini na minane kwa dakika, ndio mwendo wake. Sindano alibadilisha kila mara, akazibakiza mbili.

Jumamosi ya pili mama alivaa gauni lile lile. Mzee wa Redio alipewa kiti.

"Mama," akauliza kwa sauti kubwa, "mle kuna wanaume kumi na kitu. Utamjuaje wako?"

"Nitamjua."

Dada alinawa mikono, akaitoa santuri kwenye foronya, akaiweka. Akazungusha mara thelathini na nane. Sindano mpya. Akaishusha.

Kwanza ilikuwa sauti ya kukaanga, halafu wanawake wakaanza, mbali, kama wako nyuma ya ukuta. Ufa ulipiga *tik, tik* lakini sindano haikutoka. Mama alikuwa ameinama hadi nywele zake zimegusa kifuniko. Wanawake wakamaliza ubeti. Pakawa na nafasi ndogo ya pumzi, na ndani ya nafasi ile akaingia mwanamume mmoja peke yake, sauti nene, na kwa ujasiri wote. Wenzake wakamfuata mbio.

"Huyo!" Mama alijipiga paja. "Huyo huyo! Hata kwenye santuri, jamani! Hata siku ya kurekodi!"

Alicheka huku machozi yanamtiririka, na mimi nililia kwa kwikwi kwa mtu ambaye sikuwa naikumbuka sauti yake. Nilipomtazama dada, hakuwa anamtazama mama wala mimi. Macho yalikuwa kwenye sahani, kidole karibu na breki, kiganja chenye kovu juu ya sanduku. Wimbo ulipokwisha aliinua mkono wa sindano, akasimamisha sahani.

"Springi imetulia," akasema. Ndipo akakaa chini.

Mama aliusikia wimbo ule mara nyingi baada ya hapo, maana dada alijifunza kunoa sindano kwenye jiwe laini na kuzikagua kwa kioo cha kukuzia. Sikio lilipofunga kabisa, mama aliweka kiganja kwenye sanduku na kutuonyesha kwa kidole baba anapoingia. Hakukosea hata mara moja. Alipumzika katika Bwana mwaka uliofuata.

Na sasa dada. Kabla jeneza halijafungwa nililitazama kovu lile kiganjani, nikalibusu.

Wiki iliyopita Mzee wa Redio alivuka barabara na kopo lake la grisi. Alisema dada alikuwa akiibadilishia springi grisi kila mwaka, na mwaka umefika. Tukafungua zile skrubu nne, yeye akashika mashine, mimi nikamulika tochi ndani. Namba ya kiwandani ilikuwepo bado. Chini yake kulikuwa na maandishi mengine ya penseli ambayo sikuwahi kuyaona, kwa ule mwandiko mnene wa dada wa lebo za makopo:

*Utakayefungua. Springi inataka grisi nzito nyeusi. Mimi niliweka mafuta ya cherehani, nikakosea. Usirudie. Bisibisi.*

Mzee wa Redio aliyasoma, akavua miwani, akajifanya anaifuta. "Huo," akasema, "ndio wasifu."

Tuliipaka grisi, tukairudisha. Nikaitoa santuri kwenye foronya, nikazungusha mara thelathini na nane kama alivyonifundisha. Wanawake wakamaliza ubeti wao, na baba akawahi.